Kuwapeleka Watoto Makumbusho ya Wazi: Mwongozo Kamili wa Familia

Familia nyingi zikiingia makumbusho ya wazi hufanya jambo lile lile. Hupokea ramani langoni, huanza na nyumba ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, na kufikia ya nane watoto wameshachoka, baba anasoma vibao peke yake na mama anatafuta kivuli. Nyumba zilizobaki zinachunguliwa mlangoni tu. Jioni ukimwuliza mtoto ameona nini, atakutajia mbuzi.

Mbuzi hana ubaya. Ila kama mmesafiri, mmelipa kiingilio na mmebeba watoto mgongoni, mnaweza kupata zaidi. Shauri langu ni moja na mwongozo wote huu unalizunguka: chagueni nyumba tatu au nne tu, kila moja muipe nusu saa, na nyingine zote mzipite bila kujilaumu. Nyumba ya zamani inasomeka, lakini haisomeki kwa haraka.

Hatua ya 1: Jua mnakwenda makumbusho ya aina gani

Makumbusho ya wazi ni eneo ambalo nyumba, karakana, maghala, hata shule au kanisa zima, vimesimama nje kama vilivyokuwa vikitumika, badala ya vitu kufungiwa kwenye kabati za vioo. Mfano maarufu zaidi ni Skansen, Stockholm, Sweden, ambayo Artur Hazelius aliifungua mwaka 1891. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1881, Mfalme Oscar II wa Sweden na Norwei alikuwa ameanza kukusanya majengo ya kale karibu na mji unaoitwa leo Oslo. Wakati huo viwanda vilikuwa vinabadilisha maisha ya vijijini kwa kasi, na waliotazama waliona kwamba wasipohifadhi nyumba za watu wa kawaida, zitakwisha zote zibaki kasri na ngome.

Kuna aina tatu, na ni vizuri kujua yenu ni ipi kabla ya kuondoka nyumbani.

Ya kwanza ni ya majengo yaliyohamishwa. Nyumba inafumuliwa kipande kwa kipande, kila boriti inapewa namba, inasafirishwa na kusimamishwa upya. Upper Canada Village, kule Ontario, Kanada, iliyofunguliwa mwaka 1961, ina majengo yaliyookolewa kutoka vijiji vilivyokuwa vinakaribia kufunikwa na maji ya mradi wa mto Saint Lawrence. Ya pili ni ya nyumba zilizojengwa upya kwa kufuata mfano wa zamani. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kiko hivyo: nyumba zake zimejengwa kuonyesha ujenzi wa jamii mbalimbali za Tanzania. Ya tatu ni kijiji kilichoachwa pale pale kilipozaliwa, kama Hollókő huko Hungaria, kilichoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Kwenye nyumba iliyohamishwa, watoto watafute alama za umri: masizi ya kweli, kizingiti kilicholika kwa nyayo. Kwenye nyumba iliyojengwa upya alama hizo hazipo au ni chache, lakini huko mara nyingi mtaruhusiwa kugusa, kukaa na kupanda. Na kwenye kijiji kilichobaki mahali pake, jambo la kutazama ni njia: kisima kiko umbali gani kutoka mlangoni, nani alikuwa jirani ya nani.

Hatua ya 2: Piga simu siku mbili kabla

Tovuti za makumbusho huchelewa kubadilishwa. Simu ya dakika tatu inaokoa siku nzima. Uliza kwanza: mafundi gani watakuwa kazini siku hiyo, na saa ngapi? Karakana ya mhunzi isiyo na mhunzi ni chumba chenye vyuma baridi. Kisha uliza nyumba zipi zimefungwa, maana majengo ya mbao, udongo na makuti hukarabatiwa kila mara, na si ajabu nyumba mliyoitamani ikawa imezungushiwa kamba. Kama mna kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu, usiulize tu kama "panafikika". Uliza njia ni ya nini, changarawe, mawe au lami, na kama milango ya nyumba ina ngazi. Chakula cha nyumbani, kupiga picha na vyoo viko wapi, yote hayo unayamaliza kwenye simu hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Mtafutieni mzee kazi

Ukiwa na babu, bibi, au mzee yeyote wa ukoo anayeweza kutembea, nenda naye. Sisemi hivi kwa heshima tu. Vibao vya makumbusho vitakuambia kitu kinaitwaje na kimetengenezwa lini. Mzee atakuambia kilivyokuwa kinauma mgongo ukikitumia kutwa nzima, nani alikuwa anakwepa kazi hiyo, na mtoto gani alipigwa kwa kukivunja. Maelezo hayo hayapo kibaoni.

Lakini usimwachie mzee mzigo wa kuwa mwalimu ghafla. Jioni ya kuamkia safari, kaeni naye pamoja na watoto, mmwombe ataje vitu vitatu tu vilivyokuwa nyumbani kwao utotoni na havipo tena. Taa fulani, jiwe la kusagia, kitanda cha kamba, chochote. Watoto waviandike au wavichore. Kesho yake kazi yao ni kuvitafuta. Mtoto anayetafuta kitu cha bibi yake hatembei kama mtalii, anatembea kama mpelelezi. Wasipokiona, swali linageuka na kuwa zuri zaidi: kwa nini makumbusho hawakukiweka?

Kama kuna picha ya zamani ya familia iliyopigwa mbele ya nyumba, ipige picha kwa simu uende nayo. Linganisheni paa, mlango, hata namna watu walivyosimama.

Hatua ya 4: Begi

Maji, kofia, koti la mvua, plasta za vidonda, na viatu vilivyofunika vidole kwa kila mmoja, kwa sababu uwanja wa makumbusho una misumari, mawe na kinyesi cha kuku. Daftari na penseli; kalamu ya wino haifai, kuna mahali haziruhusiwi karibu na vitu vya kale.

Na tochi ndogo. Hii wengi huisahau, na kwangu ndiyo ya kwanza kuingia begini. Sababu utaiona hatua ya 6.

Hatua ya 5: Langoni

Fikeni mapema, saa ya kufungua ikiwezekana. Kabla hamjaingia, mpige kila mtoto picha moja ya simu kama alivyovaa siku hiyo. Akipotea, huhitaji kukumbuka fulana yake ilikuwa ya rangi gani. Muandikie namba yako ya simu mkononi. Kubalianeni mahali pa kukutana ambapo hata mtoto wa miaka sita anaweza kupaelekeza, mnara au mti mkubwa, si "pale karibu na zile nyumba".

Kisha fungueni ramani na kila mmoja achague nyumba moja. Baba moja, mama moja, watoto moja yao, mzee yake. Hizo ndizo zenu. Anzeni na iliyo mbali zaidi na lango. Watu wengi huanza na za karibu, kwa hiyo asubuhi mwisho wa uwanja huwa kimya, na mtapata nyumba nzima peke yenu. Mkirudi mchana kuelekea lango, wenzenu watakuwa wamesogea ndani. Kama fundi mnayemtaka ana saa maalumu, ipangeni safari kumzunguka yeye, si yeye azungukwe na safari.

Hatua ya 6: Kusoma nyumba

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

*Simameni nje kwanza.* Msiingie. Tazameni paa. Paa la nyasi au makuti lazima liwe na mwinamo mkali, nyuzi 45 au zaidi, ili maji yateleze kutoka ncha moja hadi nyingine kabla hayajapenya. Likilala, linavuja na kuoza. Waulizeni watoto: mvua inatoka upande gani hapa? Upepo je? Tazameni mlango umeelekea wapi na upande gani hauna dirisha kabisa. Mara nyingi jibu liko hapo hapo bila kibao.

*Kizingiti.* Kinuseni kwa jicho, yaani kiangalieni kwa karibu kama mnataka kukinusa. Kimelika katikati? Kimeinuliwa juu ya ardhi? Kizingiti kirefu huzuia maji na kuku, na kilikuwa pia kinambakisha ndani mtoto anayetambaa. Mlango ukiwa mfupi, mtasikia mtu akisema watu wa zamani walikuwa wafupi. Msikubali haraka. Mlango mdogo hupoteza joto kidogo, huhitaji mbao chache, na mgeni anayeinama kuingia hawezi kuingia kwa kishindo.

*Ndani, subirini.* Nyumba za zamani zina giza, na mtu anayetoka juani haoni kitu. Familia nyingi huchungulia, huona weusi, huondoka. Kaeni chini dakika mbili tatu bila tochi. Macho yatazoea na chumba kitajitokeza kidogo kidogo: kwanza jiko, kisha uchaga, kisha kitanda kule kona. Waambieni watoto wataje kila kinachojitokeza. Ni mchezo na ni somo, maana hivyo ndivyo chumba kilivyoonekana kwa waliokaa humo.

*Kisha washeni tochi, lakini ubavuni.* Msiimulike boriti uso kwa uso. Iegemezeni tochi karibu na mbao ili mwanga upite juu yake kwa mlalo, kama jua la jioni linavyopita shambani. Mikwaruzo yote itainuka. Mbao iliyochongwa kwa tezo, yaani shoka lenye makali yaliyogeuzwa kama jembe, ina mashimo mapana mafupi yanayofuatana kama mawimbi. Iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono ina mistari iliyonyooka, ila haiko sawasawa, kwa sababu mikono huchoka. Iliyopita kwenye msumeno wa duara ina mistari iliyopinda, sehemu ya duara kubwa, na hiyo inawaambia kwamba ilipasuliwa kiwandani. Mtoto wa miaka tisa anaweza kutofautisha hizo tatu baada ya kuonyeshwa mara moja, na kuanzia hapo hataacha.

Pale viungo vya mbao vinapokutana, tafuteni alama zilizokatwa kwa patasi: I, II, III, V, X. Maseremala wa Ulaya walichonga fremu ya nyumba ardhini, wakaiwekea alama ili wajue kipande gani kinaingia wapi watakapoisimamisha. Walitumia namba za Kirumi kwa sababu patasi hukata mistari iliyonyooka kwa urahisi; nne mara nyingi waliiandika IIII. Mkiona pia kibati kidogo chenye namba, hiyo ni ya watu wa makumbusho walipoihamisha nyumba. Kwa hiyo boriti moja inaweza kuwa na namba mbili, za watu wawili waliotenganishwa na karne, waliokuwa na tatizo lile lile.

Misumari nayo hutoa siri. Uliofuliwa na mhunzi una pembe nne, umechongoka kuelekea ncha, na kichwa chake kimepigwapigwa. Msumari wa waya, wa mviringo, ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Ukiuona kwenye nyumba inayosemwa ni ya mwaka 1750, nyumba si lazima iwe ya uongo. Kuna mtu aliitengeneza baadaye. Na kama dirisha lina kioo chenye mawimbi, kikiwa kinene chini, mtaambiwa kioo huchuruzika taratibu kwa miaka mingi. Hapana. Kilitengenezwa hivyo hivyo kikiwa hakilingani, na fundi akaweka upande mzito chini.

*Jiko.* Kama nyumba haina bomba la moshi, mchuchumalishe mtoto, kisha asimame. Moto ungekuwa unawaka, akisimama kichwa chake kingekuwa ndani ya moshi. Ndiyo maana vigoda ni vifupi. Moshi huo huo ulikausha nafaka zilizowekwa juu ya uchaga na kufukuza wadudu kwenye paa, kwa hiyo ule weusi mnaouona kwenye boriti ni kinga pia.

*Mwisho, hesabuni.* Watu wangapi walilala hapa? Nani alilala karibu na moto, nani karibu na mlango? Wanyama walikuwa wapi? Choo? Kama una watoto wanaogombania chumba nyumbani, swali hili halihitaji kusukumwa.

Hatua ya 7: Kwa mafundi

Mwacheni fundi amalize alichoshika kabla ya kumwuliza. Mhunzi hasa: chuma kikiwa chekundu ana muda mfupi tu wa kukipiga juu ya fuawe kabla hakijapoa, na swali lako likiingia hapo linamharibia kazi. Chuma chekundu kilichofifia kina joto la takriban nyuzi 700 za Selsiasi, cha njano kinapita 1,000. Cha hatari kwa mtoto ni cheusi. Kinaweza kuwa na nyuzi 400 bila kung'aa hata kidogo, kwa hiyo sheria ni fupi: kwenye karakana ya mhunzi hakuna anayeokota chochote sakafuni.

Maswali ya "inaitwaje" fundi ameyajibu mara elfu. Mwulizeni ni kitu gani huharibika kwanza kwenye kazi yake. Mwulizeni alijifunza kwa nani, na nini kilimchukua muda mrefu zaidi kukiweza. Mfinyanzi, mfumaji, mchonga mizinga ya nyuki, wote hubadilika sura wakiulizwa hivyo, na mara nyingi mwenye kuuliza ndiye hupewa nafasi ya kujaribu.

Kwa umri

Mtoto wa chini ya miaka mitano nyumba mbili zinamtosha, pamoja na wanyama. Mpe kazi za mkono: kusukuma, kubeba maji, kutwanga kama inaruhusiwa.

Wa miaka sita hadi kumi na moja ndio wenye makumbusho. Mwongozo huu wote ni wao.

Vijana ni habari nyingine. Usimlazimishe kijana wa miaka kumi na tano kushangilia kinu. Mpe kazi ya kutilia shaka. Je, nyumba hii ni safi mno? Nani hayupo humu? Nyumba zilizodumu hadi kuhifadhiwa mara nyingi ni zile zilizojengwa imara, na aliyejenga imara alikuwa na uwezo. Kibanda cha kibarua kilioza. Watumwa na watumishi walilala wapi, na kwa nini hawana kibao? Mwezi uliochaguliwa kuonyeshwa ni wa mavuno au wa njaa? Kuna makumbusho yanayojibu vizuri. St Fagans, huko Wales, iliyofunguliwa mwaka 1948, ina safu ya nyumba sita za wafanyakazi kutoka Rhyd-y-car, Merthyr Tydfil, na kila moja imepangwa ndani kama ilivyokuwa katika mwaka wake: 1805, 1855, 1895, 1925, 1955 na 1985. Unatembea hatua chache kutoka chumba cha karne ya 19 hadi sebule yenye televisheni. Kama yenu haina kitu kama hicho, kijana aambiwe achague nyumba moja na aseme ingekuwaje miaka hamsini baadaye.

Mkinyeshewa

Kaeni. Mvua ndiyo siku nzuri ya kuona paa likifanya kazi: maji yanadondokea wapi, mtaro uko wapi, ukuta wa udongo umekingwaje na ukingo wa paa. Watu hukimbia na mafundi hubaki bila wageni, nao huongea zaidi. Radi tu ndiyo iwaondoe uwanjani.

Hatua ya 8: Wiki ile ile mkirudi

Duka la zawadi lipitwe haraka. Kama lazima mnunue, nunueni kitu kilichotengenezwa na fundi mliyemwona.

Kazi ya maana ni kumrekodi mzee kabla safari haijapoa. Chagueni chumba kisicho na televisheni wala feni. Wekeni simu mezani juu ya kitambaa, karibu naye kuliko na anayeuliza, na muiweke isipokee simu. Mtoto aanze kwa kutaja tarehe, mahali, na jina la mzee. Mwonyesheni picha moja moja za siku ile, mnyamaze. Msimsahihishe miaka, akisema alikuwa na umri fulani na hesabu haiingii, acheni, mtaulizana siku nyingine. Nusu saa inatosha kwa kikao kimoja.

Faili lipewe jina lenye mwaka, mwezi na jina lake, si "rekodi mpya 4". Nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine ipelekwe kwa ndugu anayekaa nyumba tofauti. Na kama katika vile vitu vitatu vya mzee kuna ambacho hamkukiona uwanjani, waandikieni makumbusho mkiwaeleza kilikuwa nini na kilitumikaje. Wanaohifadhi vitu hivyo hupokea barua za namna hiyo kwa furaha, na mara nyingine kitu chenyewe kimelala ghalani kwao kikisubiri mtu wa kuwaambia kilikuwa cha kazi gani.